Mravumba wa Pelagia

"Huo mti wako una husuda, Pelagia!" nilimwambia, nikalibwaga gunia katikati ya uwanja wake. "Maharage yako mpaka Machi hii yanang'aa, yangu yamebunguliwa yote. Kwani wadudu wanachagua mlango?"

"Mama Fidele, shusha sauti. Nina wageni."

Wageni! Hapo ndipo aliponichoma. Walewale waliokuwa wakishinda kwangu. Makere nzima inajua: ukitaka habari ya nani kaposwa na nani kafukuzwa, ulikuwa unakuja kwangu. Tangu ivume kwamba Pelagia ana mbegu isiyotoboka, wote wamehamia kwake. Nikahesabu ndala mlangoni: jozi tisa. Kwangu wiki nzima wameingia kuku wa watu tu.

"Ulininyima siri," nikasema.

"Siri gani? Mravumba wa kufukuza wadudu uko hapo kwenye ua, kila apitaye anasikia harufu yake. Uliwahi kuniuliza? Umeniuliza kitenge hiki kanunua nani. Umeniuliza mume wangu anarudi lini kutoka Kibondo. Maharage, hata siku moja!"

Ndani kicheko kikapasuka. Nilikijua: cha Mpawenimana, mwandani wangu wa miaka kumi.

Pelagia akafungua gunia, akarudisha kichwa nyuma. "Si majani yangu haya? Umeyachuma lini?"

"Jumapili. Mlipokuwa kanisani."

"Ukayakausha?"

Kupitia upenyo wa ua nilimwona akitwanga, nikamwona akichanganya. Kukausha sikukuona. Nikatwanga mabichi, nikamwagia maharage yaliyokwisha kuingiwa, nikafunga kamba. Sasa yameota ukungu, na bungua nao wamo, tena wamenenepa. Mvua ya kupanda imeanza, sina hata kopo moja la mbegu.

"Kivulini, siku tano, mpaka yavunjike mkononi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote ndani. "Ndipo utwange, uchekeche. Na maharage yawe makavu, hayajaguswa na mdudu."

Masikio yaliniwaka. Nilitaka kulibeba gunia langu niondoke. Lakini harufu ya maharage yenye mawese ilikuwa inatoka, na huko ndani wameshaanza kucheka jambo jingine, nisilolijua.

"Mbegu nitakupimia baadaye," Pelagia akasema, akiinua pazia. "Vua ndala, ziweke hapo na za wenzako. Ingia ule."