Nakala ya Nje ya Nyumba

Usiku wa jana, kabla hata sijageuza ubavu, niliota seva ya hospitali imekuja jikoni kwangu. Imekaa juu ya mafiga matatu, inatokota taratibu.

Seva ni lile sanduku jeusi linalotunza majina ya wagonjwa wote. Mjukuu wangu Namsifu ndiye mwangalizi wake, na Jumamosi ataifungia programu ya kuweka nakala, ili siku ikifa, kilichomo kisife nayo. Jioni alinikalisha akanisomea mpango wake daftarini, maana anasema mpango usioeleweka kwa bibi haufai. Nikamwuliza kama programu hiyo itarudisha na sauti ya mama yake. Sauti ya marehemu binti yangu, Nakiete, ilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilitumbukia ndooni mwezi wa nne.

"Bibi," akasema, "kisichowekewa nakala hakirudi."

Akanipa penseli niandike jina langu chini ya mpango, kunifurahisha tu. Nikaandika kwa herufi kubwa, kama nilivyofundishwa darasa la tatu.

Basi, huko ndotoni seva inapepesa vijitaa vyake vya kijani.

"Shikamoo, bibi. Tupange."

"Marahaba. Tupange nini?"

"Sauti ya Nakiete. Nakala tatu. Mbili humu ndani, mahali tofauti. Moja nje ya nyumba."

"Hayo nayajua toka zamani," nikasema. "Ndivyo tunavyotunza mbegu. Ya kwanza darini kwenye moshi, ya pili kibuyuni na majivu, ya tatu kwa jirani. Nyumba ikiungua, unakwenda kuomba."

"Na ya kwako ya tatu iko kwa jirani yupi?"

Mwaka wa tatu huu mimi na Mama Eliamini hatusalimiani, tangu alipofungulia maji ya ndiva, bwawa letu la zamu, siku ambayo zamu ilikuwa yangu. Mbegu zangu zote ziko ndani.

"Naandika," ikasema seva. "Bibi hana nakala ya nje."

Kibuyu ukutani kikacheka. Nikakikaripia, kikaomba radhi.

"Nafasi haitoshi," ikaendelea. "Futa kitu."

Nikafuta mlima. Nageuka dirishani, pale pa mlima pana ukuta wa hospitali, na jiko langu limekuwa wodi. Wauguzi wanapita na masufuria yangu, hawanisalimu.

"Haitoshi."

Nikafuta harusi yangu. Pete ikadondoka kidoleni kama tone la maji.

"Bado haitoshi."

"Sasa nimebaki na nini?"

"Jina lako."

Kumbe sauti ya mtoto ni nzito kuliko mlima. Nikafuta na jina. Wala halikuuma.

"Sasa tujaribu kurejesha," ikasema seva. "Nakala isiyojaribiwa si nakala." Ikahesabu asilimia moja moja, kwa utulivu, mpaka tisini na tisa. Hapo ikakohoa majivu. "Pole, bibi. Humu ndani hamna kitu. Kililowa pamoja na simu. Iliyobaki ni ile ya nje. Miaka ile huna simu, Nakiete alikuwa anakurekodia salamu kwenye simu ya Mama Eliamini. Hajazifuta."

"Mbona hukusema kabla sijafuta mlima?"

"Mpango hufuatwa mstari kwa mstari."

Wodi ina mlango mmoja, nao unafungukia uwanjani kwa Mama Eliamini. Amesimama na jembe, mguu mmoja hewani, ameganda, kwa sababu nakala ikifanyika kazi zote husimama. Midomo tu ndiyo inayocheza. Kwenye pindo la khanga yake namsikia Nakiete, "Mama..." Inakatika hapo, inaanza tena.

"Mama Eliamini, nipe mwanangu."

"Anayeomba ni nani?"

"Si mimi!"

"Mimi nani? Wanaokuja kuomba hapa ni wengi. Taja jina."

"Wewe unanijua! Uliniogesha nilipojifungua Nakiete."

"Nakujua vizuri sana. Hata maji yako nilikunywa. Taja jina."

Nikalitafuta mdomoni. Mlikuwa na ulimi, na meno sita. Khanga ikasema "Mama" mara tatu, kila mara chini zaidi, kisha ikanyamaza. Kule wodini seva ikatangaza, "Muda umekwisha. Mpango umefungwa."

Nikaamka. Kumekucha. Mlima upo dirishani, pete ipo kidoleni. Nikamshukuru Mungu, nikasema hizo ni ndoto tu.

Daftari la Namsifu lilikuwa wazi mezani, pale pale nilipoliacha. Chini ya mpango, nilipoandika jina langu, hapakuwa na kitu. Nikapapasa kwa kidole. Michirizi ya penseli ilikuwepo, maana mimi hukandamiza sana, lakini weusi wake haukuwepo.

Nikachota kibaba cha mbegu za maharage kibuyuni, nikavuka mfereji. Mama Eliamini alikuwa analima, amenipa mgongo. Simu yake ilikuwa dirishani, juu ya kitambaa.

"Hodi," nikasema.

Jembe likatulia. Hakugeuka.

"Nani?"