Ufa kwenye Ugoko

Baba yangu ndiye kocha wangu, na kokote tuendako yeye ndiye msemaji. Daktari aliponiuliza ninaumwa wapi, baba akadakia.

"Tunaumwa msuli wa ugoko, daktari. Tumeuchua, tumeufunga bandeji, hata eksirei tumepiga tukaambiwa hamna kitu, wapi! Na mashindano ya taifa ndiyo haya. Tusipokimbia, nafasi anachukua mwingine."

Ungedhani tunachangia mguu mmoja. Daktari, mama wa makamo asiye na papara, alinibonyeza ugoko kwa kidole gumba, akishuka taratibu, mpaka akafika mahali nikapiga yowe. Akaniambia nirukeruke kwa mguu huohuo. Niliruka mara moja tu, machozi yakanitoka.

"Huu si msuli," alisema. "Nadhani mfupa una ufa. Eksirei mara nyingi haioni ufa mchanga, ndiyo maana mliambiwa hamna kitu."

Kisha akanigeukia. "Hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?"

Msemaji wetu akageukia upande mwingine. Aliikodolea macho picha ya mifupa ukutani kana kwamba ana mtihani. Nami nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kwetu neno hilo hata mama hulisema kwa kunong'ona.

"Juzi tu," nikadanganya. "Iko sawa."

"Mzee, tupishe kidogo," daktari akasema. Baba alitoka mbio.

"Ukinidanganya, binti, nitakuandikia dawa ya kuchua. Utakimbia, na mfupa utakatika uwanjani. Sasa niambie."

Nikamwambia nikiwa nimeinamisha kichwa. Siku zangu sijaziona tangu mwaka jana, na nilifurahi, naona nimepunguziwa usumbufu. Chakula cha usiku huwa nakirudisha sufuriani mama akigeuka. Nilijiona mjanja kumbe najimaliza. Sauti ilinitoka kama ya mwizi aliyekamatwa.

"Basi ndiyo sababu," alisema. "Mwili usipolishwa, hedhi hukatika na mifupa hudhoofika. Tutapiga picha ya kipimo kikubwa tuhakikishe, lakini mbio basi kwa sasa. Na baba yako lazima ajue, maana ndiye anayekupangia mazoezi."

Niliomba nimwambie mwenyewe. Aliporudi, nilitazama sakafu.

"Baba, siku hizi sili."

"Huli? Tangu lini?"

"Tangu uliposema nimenenepa, nakimbia kama niliyebeba gunia."

Akakunja uso, akitafuta. Siku hiyo timu nzima ilikuwepo, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakukumbuka hata kidogo.

"Mimi? Nilisema hivyo?"

Aibu ilimpanda usoni, na kuitazama kulinichoma kuliko aibu yangu mwenyewe. Ningeweza kumwambia labda nimechanganya, tukaenda zetu. Daktari alikuwa ananiangalia.

"Ulisema, baba," nikajibu. "Nikacheka na wenzangu, nisije nikalia mbele yako."