Mawe Kumi na Moja Chini ya Kuku

Katika boma langu, yai halikuliwa na mwanamke wala mtoto. Wazee wetu walisema mtoto alaye yai hukua kuwa mwizi. Mayai yalikuwa ya kuatamiwa, na aliyeyagusa alilipa mtetea mmoja, mzima, mwenye kutaga. Sheria hiyo niliirithi kwa baba yangu. Na ingawa nilisoma misheni na kuwa mzee wa kanisa hapa Ruiru, sikuona sababu ya kuibadili.

Mwaka wa 1957 mjukuu wangu Kagwe, aliyepewa jina langu, aliachishwa ziwa. Miezi michache baadaye miguu yake ilivimba, nywele zikageuka rangi ya kutu, naye akawa wa kukaa mlangoni kutwa bila kutaka mchezo. Mama yake, Ndunge, alimbeba hadi hospitali huko Thika.

"Baba," akaniambia aliporudi, "dresa, yule msaidizi wa daktari, amesema mtoto anashiba uji na viazi, lakini hapati cha kumjenga mwili. Apewe yai moja lililoiva kila siku."

"Dresa ana boma lake," nikamjibu. "Hili ni langu."

Akambeba mtoto, akaingia jikoni. Juma lile lile mke wangu, Wakonyo, alimwekea kuku wake mayai kumi na moja chini ya ghala, akaanza kuhesabu siku. Wakati huo huo uvimbe wa Kagwe ukapungua, akaanza kucheka. Nilimshukuru Mungu kanisani, bila kuuliza ametumia nini.

Siku ya ishirini na moja ilipita bila kifaranga. Siku ya ishirini na nne, Wakonyo alimwinua kuku. Chini yake palikuwa na mawe kumi na moja ya mtoni, meupe na laini.

"Ndunge!" Wakonyo akaita. "Wewe binti wa Ukambani! Huko kwenu kuku huangua kokoto?"

"La, Maitu." Ndunge akapiga magoti, akimwita mama kwa lugha yetu. "Niliyatoa jioni ile ile ulipoyaweka. Nilimchemshia Kagwe, moja kila siku."

"Nami nimemletea kuku huyu maji siku zote hizi, nikimsifu kwa uvumilivu!"

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana wizi ni wizi.

"Yaliisha siku kumi na tatu zilizopita," Ndunge akaendelea. "Leo Kagwe amekataa kucheza tena. Baba, nitoze utakavyo, lakini kesho mtoto atakula nini?"

Nikamwita mtoto, nikabonyeza mguu wake kwa kidole gumba. Kishimo kikabaki pale pale; uvimbe ulikuwa umerudi.

"Utalipa mtetea," nikasema. "Mimi nitalipa wa pili, kwa kuwa nilipewa ushauri nikaukataa. Wote wawili ni wa Kagwe, na mayai yao yataliwa."

"Akiwa mwizi je?" Wakonyo akauliza.

"Mama yake ameshaiba kwa niaba yake."

Kesho yake Ndunge alirudi kutoka kwa baba yake, Muthoka, mashariki ya Thika, akiwa na mtetea mweusi kikapuni. Niliufungua mlango wa kizimba, tukamtia pamoja na wangu. Mweusi alikuwa ametaga njiani. Wakonyo alilitoa yai kikapuni, akalichemsha mpaka likaiva kabisa, akalimenya, akamketisha mtoto mapajani.

"Kula, mume wangu," akamwambia, kama nyanya zetu wamwitavyo mtoto mwenye jina la babu yake.

Kagwe akalimaliza lote.