Kiwele cha Dakika ya Thelathini na Moja

Profesa Rifaat Shernobi alikwenda Kairo kwenye semina ya siku tatu, akarudi na mkoba wa kitambaa, kalamu mbili na imani mpya. Zamani, alisema, mwalimu alimwaga somo darasani na mwanafunzi akaenda kuhangaika nalo kwao. Sasa mambo yamepinduliwa: mwanafunzi alitazame somo nyumbani kwenye video, na darasani waje wajadili, wabishane, wachangamke. Wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo. Ubaya ni kwamba lilimwangukia Profesa Rifaat.

Inshirah, msaidizi wake katika idara ya udongo, ndiye aliyeshika simu siku ya kurekodi. Alitarajia walau profesa atatoka nje, ashike bonge la udongo, alivunje mbele ya kamera watu waone. Wapi. Profesa alikaa kwenye kiti chake cha ngozi, ua la plastiki kushoto, kiyoyozi juu ya kichwa, akafungua kitabu alichokiandika mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, akaanza kukisoma. Alisoma dakika hamsini bila kuinua uso. Kikohozi kilipomjia alikohoa, na kila alipofungua ukurasa alilamba kidole. Alipomaliza akachana masharubu, akauliza ametokeaje.

Inshirah akasema ametokea vizuri sana. Angesema nini? Chini ya kioo cha meza ileile ilikuwa imelala fomu yake ya kusajiliwa kusomea shahada ya udaktari wa falsafa, na kilichokosekana ni saini moja tu, ya huyo mwenye masharubu. Miaka minne alikuwa akiingoja. Kila akiuliza, profesa aligonga kioo kwa kidole na kusema haina miguu, haitakimbia.

Sasa, kwenye dakika ya thelathini na moja ya video ile, profesa alikuwa akieleza jinsi ya kuuponya udongo wa magadi, ule unaokaza kama sufuria na kukataa maji. Mkulima atandaze jasi ya unga, alisoma, ailime mpaka ichanganyike na udongo, kisha, na hapo akakohoa, akalamba kidole na kufungua ukurasa, "aoshe kiwele kwa maji ya vuguvugu na kukikausha kwa kitambaa safi." Akaendelea mbele, wala hakutikisika.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Kiwanda kimoja cha chapa mjini kilichapa vitabu vya maprofesa wote wa chuo kile cha kilimo, na katika toleo la mwaka huo kurasa nane za kitabu cha ufugaji wa nyati wa maziwa zilishonwa ndani ya kitabu cha udongo. Kosa la mchapaji husameheka. Lakini mtu asome kitabu chake mwenyewe, apite juu ya kiwele cha nyati asijikwae, hilo lataka kipaji.

Inshirah alimwendea kesho yake na kitabu mkononi, akamwonyesha kwa adabu zote. Profesa akatazama. Akatazama tena. Shingo ikamwiva, kisha polepole akatabasamu.

"Nimeiweka makusudi, binti yangu," akasema. "Mafunzo ya kisasa ndivyo yalivyo. Mwanafunzi lazima achokonolewe ndipo afikiri."

Inshirah akauliza, basi kwenye mtihani jibu sahihi litakuwa lipi.

"La kwenye video, neno kwa neno. Anayesema tofauti na video maana yake hakuitazama. Nitampa sifuri mwenyewe."

Na wanafunzi, je? Usiwaonee huruma mapema. Katika wanafunzi arobaini wa darasa lile, walioitazama video hawakuzidi watatu. Ng'ambo ya lango la chuo alikuwapo Ami Zaghlul wa fotokopi, ambaye tangu enzi za baba zao alikuwa akiuza mihtasari ya kila somo, na hakuona kwa nini mapinduzi ya elimu yamkoseshe riziki. Alimkalisha mpwa wake kwenye kompyuta, naye mpwa akapiga chapa kila kilichosikika katika video: kurasa ishirini na mbili, zimebanwa kwa pini moja. Mpwa alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mahali profesa alipokohoa, aliandika "anakohoa." Wanafunzi wakanunua, wakakariri huku wanatafuna mkate na maharage, kiwele na kikohozi vyote pamoja.

Darasani viti vilipangwa duara, maana semina ilisisitiza duara. Kisha profesa akaiwasha video ukutani, akakaa kando kujitazama. Aliyeinua mkono aliambiwa, "Subiri, nitalijibu dakika ya arobaini." Waliokuwa wakisinzia kwenye safu sasa wakasinzia kwenye duara, na hayo ndiyo yalikuwa maendeleo.

Mmoja tu hakusinzia. Wagida alikuwa binti wa mkulima mwenye fedani mbili, kama ekari mbili za shamba, zilizoliwa na magadi, na aliitazama video nyumbani kama alivyoambiwa, tena akiwa na baba yake. Kwenye dakika ya thelathini na moja mzee alicheka mpaka akaweka chini birauri ya chai.

"Daktari," Wagida aliuliza darasani, "hicho kiwele ni cha nani?"

"Umeitazama video au hukuitazama?"

"Nimeitazama. Hata baba ameitazama."

"Basi mwambie baba yako aje afundishe yeye."

Darasa zima likacheka, kwa sababu kucheka na profesa hakugharimu kitu. Inshirah alitazama vidole vya miguu yake. Hakucheka, na akajiona mtu mwema kwa hilo tu. Wema rahisi kuliko huo haujapata kuonekana.

Ikaja habari kwamba kamati ya ubora kutoka Kairo itakagua mafunzo mapya. Profesa akampa Inshirah kazi ya kuandaa mjadala wa papo kwa papo, na mjadala huo wa papo kwa papo ukafanyiwa mazoezi siku nne mfululizo. Iliandikwa nani atauliza, nani atapinga, nani atapinga kidogo halafu ashawishike. Wagida aliwekwa nyuma ya nguzo. Kuhusu fomu, profesa aligonga kioo: kamati ikishaondoka tu, kalamu hii hapa.

Siku ikafika. Wakaja watatu. Wawili walivutiwa zaidi na sinia la keki tamu za basbusa, na wa tatu alikuwa mwenyekiti wao, Daktari Insaf, mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo. Mjadala ukatiririka kama ulivyopangwa. Kijana aliyeitwa Hazim akasimama kueleza tiba ya udongo wa magadi, akafika kwenye jasi, akakohoa, akaosha kiwele.

Daktari Insaf akashusha miwani. "Hebu rudia hapo mwisho, mwanangu."

Hazim akarudia. Akakohoa palepale.

"Kiwele?" aliuliza mama yule. Akageukia upande wa pili wa duara. "Na wewe unasemaje?"

Wa upande wa pili akasema hivyohivyo, na kikohozi chake. Mmoja wa wale wawili akaacha kutafuna.

Profesa Rifaat akainuka na tabasamu lake. "Hiyo sehemu aliiandaa msaidizi wangu," akasema. "Vijana wetu hawa, Daktari, wana haraka. Nimemwambia mara ngapi ahakiki."

Inshirah alihisi uso ukimwaka. Akaiona akilini fomu chini ya kioo, akaiona miaka minne, akajua kwamba akinyamaza dakika moja tu mambo yatapita na saini ataipata. Maneno mawili yangetosha: samahani, Daktari. Alikuwa ameshafungua kinywa kuyasema. Badala yake akaenda kwenye kompyuta, akaisogeza video hadi dakika ya thelathini.

"Unafanya nini?" profesa akauliza.

"Subiri, Daktari," akasema Inshirah. "Unalijibu dakika ya thelathini na moja."

Ukutani Profesa Rifaat akatandaza jasi, akailima, akakohoa. Duara zima, vijana arobaini waliofunzwa vizuri, likakohoa pamoja naye. Kisha profesa wa ukutani akalamba kidole na kuosha kiwele, na yule wa chini akabaki amesimama, mkono kwenye masharubu, kila mtu akimwona mara mbili.

Hakuna aliyefukuzwa, kama ulikuwa ukingojea hilo. Daktari Insaf aliandika mstari mmoja kwamba kurasa zihakikiwe. Wenzake wawili wakaandika kurasa tatu: matumizi ya teknolojia mazuri, viti viko duara, ushiriki wa wanafunzi asilimia mia. Taarifa ikabandikwa ubaoni ndani ya fremu. Profesa aliitoa fomu chini ya kioo, akampa Inshirah kwa ncha za vidole, akamwambia atafute msimamizi mwingine. Katika idara ile hakukuwa na msimamizi mwingine.

Video haikubadilishwa. Ilikwisha kupata cheti.

Inshirah alitoka na fomu yake mpaka kwenye ngazi za kitivo. Kifua kilimpanda: walau mtu mmoja katika chuo kile alisema kweli mbele za watu. Wagida alikuwa akimngoja pale chini, mkononi ameshika mhtasari wa Ami Zaghlul, mpya, bado una joto la mashine.

"Mwalimu Inshirah, umetupoza roho," akasema. "Sasa niambie, mtihani ni Jumapili, wiki ikianza. Tuandike nini?"

"Andika kweli. Jasi, kisha uuoshe udongo kwa maji mengi, na uchimbe mfereji wa kuyatoa."

"Na atasahihisha nani?"

Inshirah akaitazama fomu yake mkononi. Wagida akamtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mkubwa wake aliyechelewa kuelewa, akaukunja mhtasari na kuutia mkobani.

"Basi mimi nitaandika kiwele," akasema. "Jasi nitaipeleka shamba kwa baba."