Picha Dirishani

Mwaka ushirika ulipopunguza wafanyakazi, Getruda alirudi kwake Matogoro na kikohozi kisichokoma. Akaenda kupigwa picha ya kifua. Walimpa bahasha ampelekee daktari; alipofika barazani akaichomoa picha na kuielekeza juani. Madoa matatu meupe. Mumewe, marehemu Otto, alikufa kwa kifua kikuu. Getruda hakuingia kwa daktari. Aliondoka na bahasha kwapani.

Tangu siku hiyo kikombe chake kilining'inia kwenye msumari wake, mbali na vyombo vya wageni. Bintiye Oliva alipojifungua kule Ruhuwiko, Getruda, ambaye ndiye wa kumkanda mzazi na kumwogesha mtoto, alituma ndizi na salamu tu. Wiki ya nne Oliva naye akatuma salamu: "Mwambieni mama, mkwe wangu ameshanikanda. Asijisumbue."

Salamu hizo ndizo zilizomrudisha hospitali.

Daktari Edmund, rika la Oliva, aliagiza makohozi yapimwe mara tatu, kisha akaitazama picha.

"Mama, uliwahi kupigwa nyingine?"

"Nilipoajiriwa, themanini na moja."

"Iko wapi?"

Getruda aliona haya. "Dirishani, jikoni. Kioo kilivunjika, nikazibia."

"Basi leo utapigwa na upepo. Ilete."

Aliileta pamoja na majibu ya makohozi. Daktari akafuta masizi, akaziweka picha sambamba. Madoa matatu, mahali pale pale, ukubwa ule ule.

"Haya ni makovu, mama. Ugonjwa ulikuingia zamani, pengine utotoni. Mwili ukauzungushia ukuta wa chokaa. Makohozi ni safi; kikohozi ni cha moshi wa jikoni. Huna cha kumwambukiza mtu."

Miaka yote alikuwa akichambua mchele kwa mwanga uliopenya kwenye madoa hayo.

Ruhuwiko, Oliva alimpokea kama mgeni. Alimwamkia, akamsogezea kiti chenye kitambaa. Mtoto alikuwa ameshaogeshwa, amelala. Getruda akatoa picha zote mbili na kueleza tangu mwanzo. Oliva hakuzitazama.

"Ungeniambia, mama. Nilidhani umenichoka."

Akamimina chai katika kikombe kimoja, akanywa, akamsogezea mama yake. Getruda alikipokea kwa mikono miwili, na kabla hajakipeleka mdomoni, macho yake yakatafuta msumari ukutani.