Siku Ruta Iliposhushwa Ulinzi

Fundi wa mtandao alifika saa nane mchana, akavua viatu mlangoni, akaiweka ruta mpya juu ya kabati la vyombo. Simu ya binti ilishika mtandao papo hapo. Kompyuta ya mama haikushika. Ilikuwa mashine nene ya rangi ya maziwa yaliyolala, aliyopewa kiwandani alipostaafu ukarani, na ndiyo aliyokuwa akimwandikia nayo dada yake aliye ng'ambo. Fundi aliihangaikia saa nzima.

"Ruta haina kosa, mama," alisema. "Mfumo wa hii kompyuta ndio wa zamani mno. Haujui ulinzi wa siku hizi, na walioutengeneza waliutelekeza kitambo."

"Sasa nifanyeje, mwanangu? Nyingine sina."

"Naweza kuishusha ruta, itumie ulinzi wa zamani. Hii itaingia. Ila na vingine vya zamani vikiwa karibu, vitaingia."

"Vingine vipi?"

"Sijui. Ndivyo tulivyoelekezwa tuwaambie wateja."

Akabonyeza, kompyuta ikashika. Alikuwa bado anafunga kamba za viatu pale wanawake saba walipopanda ngazi. Akawapisha, akashuka zake.

Mama aliwajua wote. Walikuwa wa chumba cha pasi, waliokufa kiwanda cha mashati kilipoungua miaka kumi na miwili nyuma. Walivaa aproni za bluu zenye masizi kifuani. Akavuta kiti, akakaa. Yule waliyemwita Mama Pacha alimsalimu, akaomba maji. Walikunywa wote, wakakaa kwenye benchi la ukutani. Glasi zilirudi zikiwa za moto, mama akazishika kwa kitambaa.

Hakuwauliza kilichowaleta. Ripoti ya moto ule aliichapa yeye, kwenye mashine hiyo hiyo, meneja akizungukazunguka nyuma ya kiti chake na kumtajia neno kwa neno: mlango wa nyuma ulikuwa wazi, wafanyakazi walishikwa na hofu wakashindwa kutoka. Kila meneja alipopiga hatua, ufunguo wa mlango huo ulilia mfukoni mwake. Karani aliusikia. Alichapa hadi mwisho, akaweka nukta.

Mama Pacha alikaa mbele ya kompyuta na kulifungua faili bila kuuliza liko wapi. Akafuta "wazi", akaandika "umefungwa". Akaifuta hofu yao. Chini akaandika majina saba.

"Itume," alisema.

Mama akaituma kwa ofisi ya ukaguzi wa kazi, kwa jina lake mwenyewe. Alijua anachohatarisha, maana bintiye alikuwa ameajiriwa kiwanda kile kile, kilichojengwa upya, kukagua vifungo.

Binti alirudi jioni, akawakuta wamekaa. "Shikamooni," alisema. Wakaitikia kwa pamoja. Jikoni alimwuliza mama yake watakaa mpaka lini.

"Hawajasema."

"Si umpigie yule fundi aupandishe ulinzi?"

Mama alimpigia. Fundi alimweleza kwamba waliokwisha kuingia hawatoki ulinzi ukipanda; watabaki humo humo ndani, bila njia. Mama akamshukuru, akakata simu.

"Tuache hivyo hivyo," alimwambia binti.

Walizoeana nao. Aliyetaka kupita kwenda bafuni alisema samahani, nao wakavuta miguu. Usiku mama hakuweza kulala vizuri. Aliogopa jibu lije, akaogopa pia lisije.

Lilikuja Alhamisi. Ofisi ilishukuru kwa mawasiliano na kumjulisha kwamba ripoti inayotambulika ni ile ya awali, iliyotiwa saini na meneja. Mama Pacha aliisoma kwa sauti, wenzake wakasikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia binti, aliyekuwa akila.

"Mlango wa nyuma siku hizi ukoje?"

"Unafungwa, shangazi. Wanasema mashati yanaibiwa."

"Na ufunguo?"

"Anatembea nao meneja. Huyu wa sasa ni mtoto wa yule wa zamani."

Wanawake wakatazamana. Mama akaweka kijiko chini.

"Kesho usiende," alisema.

"Nikikosa siku moja tu nafasi yangu ina mtu, mama. Unawajua wale."

Mama aliwajua. Ijumaa asubuhi binti aliondoka na chakula chake kwenye mfuko. Mama akafagia sebule, akiizunguka miguu ya wageni.

Saa nne wanawake waliinuka wote, wakakaa tena wakibanana, wakaacha nafasi mwishoni mwa benchi.

"Hapo pa nani?" mama aliuliza.

"Hatujaambiwa ni akina nani wanaokuja," Mama Pacha alijibu. "Tunajua idadi tu."

Mama alimpigia bintiye. Simu iliita hadi ikakatika. Simu za wafanyakazi hukusanywa getini na kuwekwa kwenye sanduku. Alipiga tena. Alipiga ofisi ya ukaguzi, akaambiwa asubiri kwenye laini.

Mama akiwa bado anasubiri, Mama Pacha alimwomba viti. Mama aliibana simu kwa bega, akaleta vinne vya jikoni, kisha kigoda cha kufulia. Mama Pacha alivipanga pembeni mwa benchi, akavihesabu, akauliza kama majirani wanaweza kuwaazima vingine.