Meno ya Mkwe

"Mama, wakwe wakikuuliza kazi, sema uko idara ya maji. Ishia hapo hapo, tafadhali."

Ndivyo binti yangu alivyoniomba, nami nilichukia, sifichi. Mimi niko mtambo wa maji taka, nyuma ya hoteli za ufukweni. Kila kitu wageni wanachokivutia maji na kukisahau kinakuja kwangu, kwenye wavu wa chuma. Nashika reki, natoa nepi, mataulo, kandambili, hata simu. Maji yanaendelea kwenye mabwawa kusafishwa, bahari inabaki bahari, watalii wanapiga picha. Mimi hata mkono sipewi. Lakini kijana alimpenda mwanangu kwelikweli, na mwanangu naye ndiyo usiseme. Nikameza mate, nikakubali.

Siku ya ugeni nilikuwa na zamu ya asubuhi. Reki ikaniletea meno ya bandia, safu nzima ya juu, na jino moja la dhahabu. Tukayaosha, tukayaloweka kwenye dawa, tukayaweka kwenye dirisha la ofisi. Wenzangu wakayabandika jina la Meneja, maana yule wetu wa kweli hajawahi kutuchekea.

Nikarudi nyumbani nikajisugua mpaka ngozi ikaniwasha. Dada yangu mkubwa akaninusa shingoni.

"Rudi bafuni."

"Nimetoka sasa hivi!"

"Rudi, nimesema."

Wageni wakafika: kijana na baba yake, mjane, aliyelala hotelini tangu jana. Mzee kakaa kwenye kochi, leso usoni. Pole na safari? Akatikisa kichwa. Chai? Akatikisa tena. Neno hata moja halikumtoka. Dada akanivuta jikoni.

"Umeona? Anajiziba pua yule! Ametunusa!"

Jamani, damu ilinipanda. Yaani mtu aje kwangu, akae kwenye kochi langu, halafu ajizibe pua? Nikatoka jikoni kama moto.

"Mzee, kama nyumba yangu inanuka, mlango ule pale!"

Binti yangu akaangua kilio. Kijana akasimama.

"Mama, nisamehe, si pua, ni mdomo! Jana baba alichafukwa na tumbo kwa safari. Akatapika chooni hotelini, meno yakatoka, akavuta maji kabla hajajua. Leo yeye ndiye wa kusema, na bila meno anaona aibu kufungua mdomo."

Nikamgeukia mzee.

"Yana jino la dhahabu?" nikauliza. "Kushoto?"

Leso ikateremka taratibu. Mzee akanikodolea macho, mdomo wazi, na kweli juu hamna kitu.

Binti yangu akanitazama. Alishaelewa. Akatikisa kichwa kidogo sana: mama, usiseme. Iliniuma, kwa sababu ningeweza kunyamaza. Lakini yule mzee wa watu angerudi kwao hivyo hivyo, hajasema neno lililomleta.

"Mkwe," nikasema, "mimi nafanya kazi kwenye mtambo wa maji taka. Nashika reki. Meno yako yako kwenye dirisha la ofisi yetu, salama."

Dada akajifunika uso kwa mto wa kochi.

Nilikwenda kwa pikipiki nikarudi na meno. Nikayasuuza mbele ya mzee kwa maji moto, nikayasuuza tena, kisha tena kwa ajili ya dada. Mzee akayaangalia kwa muda, akafumba macho, akayatia mdomoni. Tak!

"Uwiii, nilidhani mnanifukuza!" Sauti yake ilikuwa nzito, nzuri. "Basi, mama. Nimekuja kumwombea mwanangu mke."

"Umempata," nikasema, na machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Mzee akacheka, dhahabu ikang'aa. Alivyofunguka, kumnyamazisha ikawa kazi.

"Ila harusini wakiniuliza, nitasema niliyapoteza baharini nikiogelea. Inapendeza zaidi, au siyo?"

Tukacheka wote, dada akishika mbavu. Binti yangu peke yake hakucheka. Akahama kiti, akaja kukaa kando yangu, akaushika mkono wangu wenye sugu za reki, mbele ya wakwe.

"Hapana, baba," akasema. "Yasingefika baharini. Mama yupo."